Mahari Yako Hapa Iko

Kama una kaseti ya zamani mahali fulani nyumbani, usiitupe, wala usiogope. Kazi yenyewe si ngumu. Chomeka penseli kwenye tundu moja la kaseti, uzungushe taratibu mpaka utepe uliolegea ukaze. Tafuta redio kaseti ambayo bado inacheza, kisha waya: ncha moja kwenye tundu la spika za masikioni, ya pili kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta. Cheza kipande kidogo kwanza, upime sauti. Halafu iache isonge kwa mwendo wake, maana kaseti haiharakishwi. Utepe wa nusu saa utakutaka ukae nusu saa. Ugumu uko hapo, rafiki yangu. Unakaa, unasikiliza.

Wiki iliyopita nilikaa na kaseti ya nyanya yangu. Nilidhani nakumbuka kilichomo.

Tulimwita Kukhu, kama wengi wa kwetu Kakamega wanavyowaita nyanya zao. Nililelewa kwake miaka ya tisini, katika nyumba ya mabati iliyozungukwa na miwa. Redio yake ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Betri zikichoka tulizianika juani pamoja na mahindi, zikapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Tulizianua mapema, maana ikifika saa tisa mvua haikukosa. Baba yangu mdogo alifanya kazi Mombasa na barua zake zilikuja kwa kaseti. Kukhu alimjibu kwa kaseti, kwa Kiluhya, akipukuchua mahindi huku anazungumza, kwani mikono yake haikujua kukaa bure.

Kisha baba mdogo akaoa huko huko Pwani, msichana asiyejua neno hata moja la Kiluhya. Alipojifungua mtoto wa kwanza, Kukhu alisema safari hii atazungumza na mkaza mwana wake mwenyewe, kwa Kiswahili. Alijizoeza jikoni siku mbili. Nilimsikia akiinong'onezea sufuria.

Mimi nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu alikuwa amenizawadia kalamu kwa insha nzuri, na alipenda kutuambia kwamba anayechanganya l na r ni kama mtu aliyevaa shati kinyume. Tangu siku ile nilikagua mashati ya watu wote.

Mimi ndiye niliyebonyeza vile vitufe viwili kwa pamoja ili redio irekodi. Na sasa, kutoka kwenye kompyuta, nikasikia mvua juu ya mabati, punje zikidondoka kwenye karai, halafu yeye.

"Mwanangu, habali ya huko? Habali ya mtoto? Mimi ni mama yako. Kiswahiri yangu ni ya kuokotaokota, usicheke. Nakuombeanga kila siku. Hata kama uko mbali, usiogope. Mahari yako hapa iko."

Alitaka kusema mahali. Alikuwa anampa nafasi yake nyumbani kwetu.

"Mahari!" Hiyo ni sauti ya mtoto, kali kama filimbi. "Kukhu, kwani unamdai ng'ombe? Sema ma-ha-LI! Na si habali! Wii, Kukhu, watakucheka huko Mombasa! Rudia!"

Kicheko changu ni kirefu kuliko nilivyokumbuka. Kwenye kompyuta sauti huchorwa kama vilima. Zile punje za mahindi zilikuwa vichuguu vidogo vidogo, kicheko changu mlima mzima. Baada ya mlima, punje hazidondoki tena. Inasikika mvua tu. Kisha Kukhu, kwa Kiluhya, kwa upole, ananiambia nizime.

Kaseti ile haikutumwa. Aliitia kwenye mkebe wa majani ya chai.

Desemba mama mdogo, yule wa Pwani, akaja na mtoto. Kukhu alimchinjia kuku aliyekuwa akitaga, akampakata mtoto kutwa nzima, lakini kwa mgeni wake hakutamka neno la Kiswahili. "Mwambie ale," aliniambia kwa Kiluhya. "Mwambie maji ya kuoga yako tayari." Siku ya tatu mama mdogo alikuwa jikoni anapuliza kuni mbichi, macho yakimtoka machozi ya moshi. Akaniuliza, "Mwanangu, mama mkwe ana nini nami?"

Nilijua. "Hana kitu," nikasema. "Hajui tu Kiswahili. Hajui kabisa."

Mama mdogo hakuja tena ila kwa mazishi ya Kukhu. Mwezi uliopita alinipigia simu, amesikia kwamba nimepata kaseti ya Kukhu. "Nitumie, watoto waisikie sauti yake. Hata kama hakunipenda, alikuwa mama wa mume wangu."

Kukata sauti kwenye kompyuta ni rahisi kuliko kumenya kitunguu. Unavuta kipanya, unaweka alama, unabonyeza mara moja. Nikaweka alama juu ya ule mlima. Nilijiambia kwamba nasafisha tu, kama mtu anavyoondoa mikwaruzo. Angesikia mvua, mahindi, na maneno ya upendo. Lakini angejiuliza: kama alikijua Kiswahili hivi, mbona hakunisemesha? Na angerudi palepale, kwamba hakupendwa.

Nikaondoa alama. Nikatuma yote, na chini yake nikaandika nilichomwambia siku ile jikoni, na kwamba nilidanganya.

Zikapita siku mbili. Kisha ukaja ujumbe wa sauti.

"Ewe mtoto, ulikuwa na ulimi wewe!" Nikasikia pumzi yake. "Kumbe. Mahari yangu hapo iko. Miaka yote hii iko, nami sijui."

Ameniomba nimpeleke Krismasi hii. Sijui nitamwonyesha nini. Nyumba ilibomolewa, kabati likauzwa, na miwa imeota mpaka palipokuwa jiko. Mahali penyewe hapapo tena. Imebaki mahari.