Shati Jeupe la Mwanamaji

Baba alistaafu kutoka jeshi la wanamaji nikiwa darasa la nne, akarudi kwetu Ruiru na sanduku la bati, pasi ya umeme na sauti ya kuamrisha. Kabla ya hapo tulimjua kama mtu wa likizo tu: anafika, anatugawia halua, anaondoka.

Alipokuja kukaa moja kwa moja hakujua afanye nini na watoto. Kuongea nasi hakujua, kucheza ndiyo kabisa. Kupiga pasi alijua. Kila Jumapili baada ya kanisa alitandika blanketi juu ya meza na kutunyooshea sare za shule na nguo za kanisani, halafu nguo za Mama. Sisi tulisimama kando tukitazama. Hakuna aliyeruhusiwa kuigusa pasi ile. "Utaunguza," alisema, na mjadala ukaisha.

Kanisani akina mama walimsifu Mama kwa jinsi nguo zetu zilivyonyooka, wakidhani ni kazi yake. Mama akajibu asante, bila haya hata kidogo, na Baba akiwa hapo hapo anasikia. Sidhani ilimuudhi. Mzee wa Magharibi mwa Kenya kusemwa kwamba anampigia mke wake nguo pasi, hilo lingemuudhi zaidi.

Miaka ya mwisho mapafu yalimshinda. Kila wikendi nilitoka kwangu Kahawa Wendani kuja kumwogesha, kumbadilisha, kubishana naye juu ya dawa. Pasi hakuiacha, aliipiga akiwa ameketi. Alipofariki watu waliniambia sasa nitapumzika. Sijapumzika. Nimechoka hadi kwenye meno, na sijui uchovu huu nitaupeleka wapi.

Siku moja kabla ya kumtoa mochari Thika tumsafirishe nyumbani kwao Magharibi kumzika, nyumba ilikuwa imejaa watu. Suti yake ilikuwa tayari. Mama akatoa shati jeupe kabatini, safi, lakini limekunjamana.

"Baba yenu hawezi kutoka kwa hii nyumba akikaa ovyo," alisema. "Pigeni hii shati pasi."

Tukatazamana. Mimi huvaa vitambaa visivyohitaji pasi. Ndugu yangu, mwanamume mzima mwenye mke na watoto, bado alikuwa akimletea Baba mashati yake kila Jumapili.

"Ngai, si muipeleke kwa dobi hapo Mwiki?" jirani yetu akauliza.

"Huyu hajawahi kuvaa shati ya dobi," Mama akamjibu.

Basi nikalichukua mimi. Mkono wa kwanza ulitoka na mistari miwili. Nikanyunyiza maji, nikarudia, ikawa mitatu. Kola ikajikunja upande. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Na huyu ni mtoto wa mwanajeshi kweli?"

Wakacheka, nami nikaanza kulia. Nilikuwa nimemkasirikia Baba. Jumapili zote zile, angeniachia hata leso moja nijifunzie.

Mama akaninyang'anya pasi. Nikashukuru, nikijua sasa itakuwa sawa. Lakini aliishika kama kitu cha kuazima, akaiweka juu ya shati, akaisukuma kidogo, akaiinua. Mkunjo mpya ukabaki katikati ya kifua. Akaniangalia, nikaelewa kwamba hata yeye hajui.

Akazima swichi. Akalikunja shati vile lilivyo, akaliweka juu ya suti.

"Mama, si umesema asitoke ovyo?"

"Nimesema." Akaketi, akavua viatu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Lakini huyu mzee, tangu anioe, hakuna mtu amewahi kumpigia nguo pasi. Wacha apigiwe, hata kama ni vibaya."