Sahani ya tantine Alima chini ya kitenge

Wallah, hii mambo inanipa haya mpaka leo. Tantine Alima, dada ya papa, anauzisha mandazi hapa kwetu Murara. Kila siku kisha sala ya alasiri anapakula sahani ya kwanza, anaificha chini ya kitenge, anapita nyuma ya nyumba mpaka kwa mama Nyiransengimana. Ule mama alikimbia vita kule Masisi. Kule alikuwa na ng'ombe, ye njo alikuwa anagawia batu maziwa. Sasa hapendi mutu amuone anapokea. Na sahani yake hairudiake tupu, hata! Utakuta majani ya mchaichai, ao kalimau kamoja. Njo heshima yake.

Mi niko najifunza kingereza peke yangu kwa telefone. Siku moja groupe yetu ya WhatsApp ikatoa neno: surreptitious. Maana yake kufanya kitu kichinichini, batu basione. Tutunge frase. Eh, mi mbio! Nikapiga tantine foto kwa mugongo, kitenge imevimba, nikaandika: tantine wangu iko surreptitious, anapelekea mama Nyiransengimana chakula. Mapouce, ile vidole gumba ya kupenda, ikaanguka sawa mvua!

Jean de Dieu, mwenye groupe, akaandika: «Grammaire iko bien. Lakini ile neno wanaiweka sana kwa mutu mwenye kufanya mubaya. Tantine wako amefanya mubaya gani?»

Nikatuma ka-emoji ka kucheka.

Kumbe Umurerwa, binti wa ule mama, iko mule groupe.

Kesho yake sahani ikarudi safi. Tupu. Tantine akaiangalia, akaniangalia.

«We mutoto, umefanya nini?»

Nikamuonyesha. Hakupiga makelele. «Hatapokea tena. Batoto bake bakule mapouce zako?»

Nikaenda mwenyewe, nikapiga magoti mulangoni.

«Mama, munisamehe. Foto nimeifuta.»

«Na macho ya batu, utaifuta na nini?»

Akaniacha pale mpaka magoti ikauma kwa mawe ya volkano.

«Mama, muache,» Umurerwa akasema, «ataanza kulia kwa kingereza!»

Mama akashindwa kukaza uso. «Kesho we njo utaleta. Na ile telefone ibaki kwenu.»

Nikaleta, chini ya kitenge yangu. Sahani ikarudi na kajani kamoja ka mchaichai. Kamoja tu. Tantine akakachemsha chai. Mi sikuomba kikombe.