Shahidi Niliyemchagua Mimi

Kosa lenyewe halikuhitaji elimu kubwa. Kidato cha nne changu kilitosha. Mjane aliyenyang'anywa shamba alihitaji shahidi, nami nikamwitia mtu yuleyule aliyemnyang'anya.

Walikuja watafiti watatu wa chuo kikuu, kila mmoja na fani yake: mwanasheria, mtu wa afya ya jamii, na dada mmoja wa mambo ya mila. Walikuwa wanachunguza haki za wajane huku kwetu milimani Lushoto, wakataka mkalimani wa Kishambaa. Mwenyekiti wa kitongoji akanitaja mimi. "Huyo hakosekani nyumbani," aliwaambia. Kweli tupu. Mimi nikifika sokoni Mlalo nasimulia wiki nzima kama niliyetoka ng'ambo.

Mjane huyo alishatuambia sote, kisimani na misibani, kwamba mumewe alipofariki shemeji yake alichukua shamba la bondeni, lile lenye maji, akamwachia kipande cha juu chenye mawe. Na mwanasheria alikuwa amesema wazi: atakayeeleza jambo la namna hiyo, akitaka, atasaidiwa kuandika malalamiko yaende baraza la ardhi. Kwa hiyo asubuhi ya kumhoji, shamba la bondeni lilitegemea mama huyo atasema nini.

Mama hakujua kuandika. Fomu ya ridhaa ilitaka aweke dole gumba, na mtu anayejua kusoma asaini kama shahidi.

"Tafuta mtu anayemwamini," mwanasheria akaniambia.

Mtu huyo alikuwepo: jirani yangu, mama mtu mzima, msomaji mzuri kunishinda. Ila alikuwa analima ng'ambo ya korongo, na mteremko ule ukishaushuka ni lazima uje uupande. Nilikuwa bado naupima kwa macho, shemeji mtu akapita na kalamu mfukoni. Isitoshe, kwetu mkubwa wa familia harukwi. Kumhoji mke wa marehemu ndugu yake bila yeye kujua ni kukosa adabu. Nikajiona mjanja, tena mwenye heshima.

"Shikamoo. Samahani, tunaomba saini yako tu."

"Marahaba. Saini tu? Shahidi hasaini asichokisikia," akajibu, akavuta kigoda, akakaa.

Nilimtambulisha kuwa ni ndugu wa familia, na wageni wakafurahi kumpata. Mama aliweka dole, kinasa sauti kikawashwa. Nikauliza swali la shamba kwa Kishambaa kizuri, cha kujivunia. Mama alijifuta wino kwenye pindo la khanga, taratibu mno, kisha akajibu kwamba anaishi vizuri na shemeji yake anamtunza. Nikatafsiri neno kwa neno, sikukosea hata moja. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo: tafsiri ilikuwa sahihi.

Ningeweza kumvuta mwanasheria pembeni. Lakini chai ilishaletwa, na mihogo. Nilikula. Mama alipoondoka aliniambia, "Asante, mwanangu." Afadhali angenitukana.

Baadaye watafiti walirudi kutusomea matokeo kwenye ofisi ya kijiji. Hawakutaja mtu, ila maneno niliyatambua, maana yalipitia mdomoni mwangu: wapo wajane wanaotunzwa vizuri na ndugu wa mume. Shemeji mtu alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wakauliza kama kuna mwenye la kusahihisha. Niliinua mkono nusu, halafu nikajifanya najikuna kichwa.

Msimu uliofuata shemeji mtu alilima hadi kile kipande cha mawe. Hakuna aliyemuuliza, si hata watu wa chuo walisema mjane anatunzwa? Mama akafunga mizigo, akarudi kwa kaka zake Mtae.

Juzi nilimkuta jirani yangu akipalilia karoti, nikamweleza yote: fomu, kigoda, mihogo, na jinsi ninavyojuta. Nilieleza kirefu, kwa huzuni ya kutosha, nikitegemea ataniambia ni bahati mbaya tu. Alisikiliza hadi mwisho, ameegemea jembe.

"Mimi unaniambia ili iweje? Aliyekosa shamba kwa sababu yako yuko Mtae, na gari la Mtae lipo. Panda ukamwambie yeye."