Kinamwanga cha Kwenye Simu

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili nilipoanza kujifunza lugha ya baba yangu, na aliyenifundisha hakuwa yeye. Alikuwa dada yake, shangazi yangu wa Msangano, kwa njia ya simu.

Baba alikuwa mwalimu. Nyumbani kwetu Tunduma Kinamwanga kilipigwa marufuku. Neno likikuponyoka, unachapwa. Tukakua na Kiswahili, na Kiingereza cha daftarini. Nilipoingia kwenye biashara ya mchele, wakulima walinisengenya kwa Kinamwanga mbele ya macho yangu, nami nacheka nao.

Nikamnunulia shangazi simu ya kisasa, nikamwonyesha pa kubonyeza ili kurekodi. Kijijini kwake mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, nyuma ya kanisa. Kila asubuhi akishafagia uwanja anapanda pale na kunitumia sauti: salamu, majina ya vyungu na nyungo, jinsi babu yake alivyovuka kutoka upande wa Zambia na mbegu za ulezi. Nilisikiliza nikipima mchele, narudia kwa sauti, wateja wananitazama.

Mwaka jana baba yangu mdogo alifariki. Msibani niliomba nitoe pole kwa niaba ya nyumba yetu. Nilisimama, nikasema yale niliyoyarudia njia nzima. Nilipoketi niliona wanawake wamejifunika midomo kwa khanga.

"Umejitahidi," jirani wa shangazi alininong'oneza. "Ila hivyo ndivyo mtoto mdogo anavyoongea na mama yake."

Nilimgeukia shangazi. "Mbona hukuniambia?"

"Nilianzia pale ulipokatishwa, mwanangu. Ya wakubwa tulikuwa hatujayafikia."

Ndipo baba akasimama. Alizungumza taratibu, bila karatasi, akamwita marehemu kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia, akawataja wazee wao mmoja baada ya mwingine. Wale wanawake waliokuwa wananicheka walianza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa namtazama mtu aliyeketi nasi mezani miaka yote hiyo huku ametuficha hazina yote ile.

Wakati wa kurudi, kwenye gari, niliwasha simu nikamwomba baba arudie maneno yale, nirekodi.

"Ya nini?"

"Nijifunze, baba."

"Shuleni walinivisha mfupa shingoni kwa kuongea lugha hiyo," alisema, akitazama barabara. "Nilishinda nao siku nzima, unanuka. Nilikula kiapo kwamba mwanangu hatauvaa."

"Hukunivisha mfupa. Ulinichapa."

Nilisubiri mpaka tulipopita njia panda ya Chitete, kisha nikaizima simu. Baada ya maneno hayo, kwenye rekodi mna mlio wa injini na pumzi zake tu.

Shangazi bado anapanda kichuguu. Sasa ananifundisha maneno ya msichana wa miaka kumi hivi, na magoti yanamuuma. Sijui tutafika wapi. Baba naye huongea Kinamwanga kwa simu na rafiki zake wa ng'ambo ya mpaka, anacheka sana, na mimi husimama mlangoni nikidaka neno moja katika matatu. Akiniona, hugeuza kiti na kuendelea kwa Kiswahili.