Ninfa na Visima Vyake Saba

Mimi ni mwoka mikate, na kwa miaka thelathini na minne nimempelekea Ninfa Cusumano brioshi, vile vimkate laini vya kulia aiskrimu, kila asubuhi, kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba simjui. Duka lake la aiskrimu linatazamana na langu katika uchochoro wa Albergheria, hapa Palermo, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya namwambia pole bila kupaza sauti. Watu humwita mkorofi. Ni kweli, mkorofi. Lakini kuna ukorofi wa kuonea watu na kuna ukorofi wa kukataa kuonewa, na mimi wa pili naupenda kuliko upole mwingi niliouona.

Aiskrimu yake huioni. Hilo ndilo la kwanza kulijua. Kaunta ni ya marumaru, na ndani ya marumaru kuna mashimo saba ya baridi, tunayaita visima, kila kimoja na mfuniko wake mzito unaong'aa. Hakuna karatasi ya jina. Kuanzia mlangoni ni lozi, pistachio, kahawa, mdalasini, yasmini, limau, na cha mwisho ni cha msimu, forosadi zikiwepo ni forosadi. Wenyeji wanahesabu tu, wageni wanauliza. Aiskrimu inakaa gizani kwa sababu hewa na mwanga ni adui zake, na kwa sababu, anavyosema Ninfa, hakuna mtu mwenye akili anayeanika chakula chake barabarani ili kipigiwe makofi.

Alizaliwa ghorofani juu ya duka hilohilo, binti wa fundi viatu. Alipotimiza miaka kumi na mitatu mwenye duka, mzee Liborio, alimwajiri kuosha mifuniko. Kuosha tu. Mzee Liborio aliamini kwamba mkono wa mwanamke hukata maziwa, na alilisema mbele ya wateja bila haya. Ninfa akaosha mifuniko miaka tisa, huku akisikiliza. Anasema aiskrimu aliisomea masikioni: kasia la kukorogea likizunguka kwenye maziwa mepesi linapiga kelele, yakianza kushika sauti inashuka, na yakiwa tayari kasia linanyamaza kidogo kabla ya kugoma. Mwaka mmoja, siku mbili kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Rosalia, mji mzima unapomiminika barabarani, mzee aliteleza akavunjika mkono. Akakaa kitini akimtazama yule msichana akishika kasia lake, akingoja maziwa yakatike. Hayakukatika. Akaonja, akafunika kisima, akasema, "Punguza sukari kidogo." Shukrani nyingine hakuwahi kutoa mpaka anakufa, lakini kasia nalo hakulishika tena.

Aliwahi kuchumbiwa pia, na mwanamume mzuri tu, karani wa bandarini aitwaye Calogero. Jumapili ya uchumba Calogero alikuja dukani na mama yake, akaagiza limau na pistachio ndani ya brioshi moja. Ninfa akamwambia limau na pistachio hazikai pamoja, uchachu wa limau unaua mafuta ya kokwa, achague moja.

"Pesa yangu, tumbo langu," akasema Calogero.

"Na kijiko changu," akasema Ninfa.

Uchumba uliisha kabla kahawa haijapoa. Mimi nilimwambia ni upumbavu kumwacha mtu kwa ajili ya limau. Akanijibu, "Pina, ile ilikuwa mara ya kwanza nimemweleza kitu ninachokijua, na hakunisikia. Ningemweleza mara ngapi?" Nikarudi kwenye tanuri langu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeolewa.

Basi sasa mwaka jana. Jengo alilopanga Ninfa ni la Saverio, mtoto wa mzee Liborio, aliyekulia mbele ya visima vile na ambaye mpaka leo anamwita Ninfa shangazi. Si mtu mbaya Saverio, ila akili yake inafuata upepo. Chama kimoja cha wafanyabiashara kilikuwa kimeanzisha orodha ya maduka kumi, na ramani yake ya simu, ya kuwaonyesha wageni mahali pa kula aiskrimu nzuri hapa mjini. Mwezi wa nne Saverio akaja, akasimama katikati ya duka bila kuagiza chochote.

"Shangazi, mkataba wako unaisha mwezi wa saba."

"Najua kusoma."

"Nataka duka hili liwe kwenye orodha. Wewe usipoingia, kuna jamaa kutoka kaskazini anakitaka chumba, na yeye ataingia."

"Na mimi niende wapi?"

"Una miaka sabini na moja, shangazi. Si upumzike?"

"Nikichoka nitakuambia wewe wa kwanza. Usihangaike kuuliza."

Akamweleza kwamba wale wa orodha hawataki mifuniko. Wanataka sanduku la kioo lenye taa, aiskrimu ipande juu milima milima, rangi zionekane tangu barabarani. Watu siku hizi, akasema, wanakula kwa macho kwanza.

"Basi wauzie miwani," akasema Ninfa.

Alijibu hivyo mbele yake. Mchana huo alivuka uchochoro akaja kwangu, akakaa juu ya gunia la unga, mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa. Sikujua kama Ninfa anaweza kuogopa, na iliniuma. "Nikitoka pale, Pina," akasema, "mimi ni bibi tu anayekaa ghorofani. Nitashinda dirishani nikimsikiliza mtu mwingine akikoroga vibaya."

Sanduku la kioo liliingia mwezi wa tano, Jumapili, yeye akiwa kanisani. Saverio alilisimamisha kando ya marumaru, limewaka taa kama chumba cha upasuaji. Nikajua leo pataumana. Nikatoka nje na aproni yangu nisikose kitu. Ninfa akarudi, akalizunguka sanduku mara moja, akagonga kioo kwa kucha, akaniita.

"Pina, una viazi?"

"Vya nini?"

"Huyu anataka kioo, atapata kioo. Hao wa orodha wanataka milima, watapata milima. Tuone wanachokijua."

Tulichemsha viazi kilo kumi na tano kwenye jiko langu, tukaviponda mpaka vikawa laini. Vya kwanza tukavitia mchicha uliosagwa, vya pili bitiruti, vya tatu zafarani, vya nne kakao. Tukavipandisha kwa mwiko milima minne, tukachomeka cheri kileleni na kunyunyizia pistachio zilizokatwa. Mimi nilicheka hadi nikashika mbavu. Yeye hakucheka hata kidogo, alikuwa anasawazisha mteremko kama anasiriba ukuta. Pistachio yake ya kweli, ile ya kisimani, ina rangi ya kaki iliyofuliwa sana. Hii ya viazi ilikuwa kijani kama jezi ya mpira. Halafu akachomoa waya wa baridi ya sanduku, akabakiza taa tu, maana alisema viazi havihitaji baridi.

Kila siku ya pili nikawa nachemsha vipya. Mteja akinyoosha kidole kwenye kioo, Ninfa alimjibu, "Hiyo si ya kuuza," na kufungua kisima.

Mtu wa orodha alikuja katikati ya mwezi wa sita, siku ya upepo wa jangwani, joto la kukausha mate. Jina lake Ferlazzo, koti la kitani, simu mkononi, na msichana nyuma yake ameshika taa ya picha. Akalitazama sanduku akatabasamu kama aliyefika nyumbani.

"Hii ni pistachio?" akauliza.

"Kijani," akasema Ninfa.

"Na hii?"

"Nyekundu."

Ferlazzo akacheka. "Mama una utani mzuri. Na ile ya huku?"

"Manjano."

Akawa anaandika. Ninfa akafunua kisima cha lozi, akachota, akamnyooshea kijiko mpaka karibu na kidevu. "Onja," akasema. Namtetea kwa hilo mpaka kesho: alimwambia aonje.

"Mama, tangu asubuhi nimepita maduka tisa. Nimeshiba mpaka hapa," akasema Ferlazzo, akaonyesha shingo.

Akapiga picha, za mbali na za karibu. Yule msichana akasogeza taa yake ya moto juu ya mlima wa kijani, akaiacha pale dakika nzima. Kuna jambo moja ambalo mtu yeyote wa Palermo, hata aliyezaliwa jana, analijua kuhusu aiskrimu: inayeyuka. Milima ile ilikuwa imesimama tangu saa mbili asubuhi, kwenye sanduku lililozimwa baridi, joto nyuzi thelathini na nane, na haikuwa imetoa jasho hata tone. Yeye bingwa wa aiskrimu hakuona ajabu. Alishukuru, akaenda zake.

Orodha ilitoka mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ninfa wa kwanza. Wa kwanza katika mji mzima, na juu ya jina lake picha ya mchicha wangu. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imetoka dukani, imepita mlango wangu, imekunja kona, kila mtu na simu yake anailinganisha picha na kioo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi siku ile nilikuwa nakiona kibaya kimejitembeza mpaka kimepewa taji.

Saverio akapenya kwenye foleni na karatasi mkononi. Mkataba mpya, miaka sita, na kalamu kaileta mwenyewe. Akambusu Ninfa mashavu yote mawili.

"Shangazi, umetutoa kimasomaso. Saini hapa."

Ninfa akaisoma karatasi yote, polepole, watu wakisubiri. Kulikuwa na mstari unaosema sanduku la kioo libaki mahali pake na lijae wakati wote. Akaiweka kalamu kando.

"Kabla ya kalamu, kijiko," akasema. "Hii iliyoshinda hujaionja."

Saverio akachota kileleni, kijani, kijiko cha kujaa. Akakitia mdomoni. Nilimwona anatafuna, na aiskrimu haitafunwi.

"Hii ni nini?"

"Viazi," nikasema mimi mlangoni. Sikuweza kujizuia.

Akawa mwekundu hadi masikioni. Akamwangalia Ninfa, akaangalia foleni, akashusha sauti. "Sikiliza shangazi. Hakuna anayejua. Tusaini sasa hivi, leo jioni utoe huu uchafu, ujaze aiskrimu ya kweli humo ndani, yaishe. Miaka sita. Tunyamaze tu."

Nami, nikiri, moyoni nilisema nyamaza, Ninfa. Miaka sita, kwa mtu wa sabini na moja, ni maisha. Nikamwona akilini kwenye dirisha la ghorofani, mikono mapajani, nikatamani anyamaze.

"Nitawaambia," akasema Ninfa.

"Ukiwaambia sisaini."

"Usiposaini nitawaambia leo. Ukisaini nitawaambia leo vilevile. Wewe amua lako, mimi langu nimeshaamua."

Akalitoa sinia lenye mlima wa kijani kwenye sanduku, akalikumbatia na aproni yake, akasimama kizingitini. Akapaza sauti.

"Jamani, hii ya kwenye picha ni viazi na mchicha. Aliyenipa nafasi ya kwanza hakuonja, nilimbembeleza aonje, akasema ameshiba. Anayetaka kupiga picha viazi apige, ni bure. Aiskrimu iko chini ya mifuniko. Hamtaiona mpaka iwe mdomoni, na limau sichanganyi na pistachio hata mkinililia."

Wanaojua lugha yetu wakawatafsiria wasiojua, na maneno yakatembea mpaka kwenye kona. Wengine walikasirika, wakaondoka wakinung'unika. Kijana mmoja alipiga picha viazi kweli, akaenda. Foleni ikapungua nusu, nikaona uchochoro unafunguka. Halafu mwanamke mmoja mnene, mgeni, aliyekuwa mbele, akauliza kwa lugha ya kuungaunga kuna nini hapo chini.

"Njoo ujue," akasema Ninfa, akafunua yasmini.

Yule mama alikula kwenye brioshi yangu amesimama palepale, hakusogea, hata waliomfuata wakalazimika kumzunguka. Alimaliza, akarudi nyuma kabisa ya foleni, akaanza kupanga foleni upya. Waliobaki wakaona. Hakuna tena aliyeondoka.

Saverio alikuwa ameegemea sanduku lake, bado ana kijani kwenye pembe ya mdomo. Alitazama ile nusu ya foleni. Ilikuwa ndefu kuliko foleni yoyote ambayo baba yake aliwahi kuipata, hata siku za sikukuu, na Saverio ni mtu anayejua kuhesabu vichwa. Akavuta pumzi, akachukua kalamu.

"Subiri," akasema Ninfa. Akafuta mkono, akampokonya kalamu, akakata ule mstari wa kioo, mara mbili ili usomeke kuwa umekatwa. Ndipo akasaini, akamrudishia. Saverio akasaini chini yake bila kuinua macho.

"Sasa sanduku lako," akasema Ninfa, akimchotea mteja mwingine lozi, "libebe."

"Leo?"

"Leo. Na viazi vyake. Mpelekee mkeo avikaange, chumvi tulishatia."