Huko Kwenye Theluji Tuna Nani?

Juzi, kwenye basi la Harrow nililopanda huku ughaibuni, kijana wa Kizanzibari alimkunjulia mama yake ramani ya kaskazini ya Finland. Alitaka radhi zake aende huko siku nne kwa pikipiki ya theluji.

"Huko tuna nani?" mama akauliza.

"Kuna mwongoza njia, mama. Na vibanda vya kulala."

"Sikukuuliza vibanda."

Mama akatoa simu. Kabla hatujafika kituo cha Kingsbury alishampata shemeji wa jirani yao wa Pemba, anayeishi kwenye mji safari inakoanzia.

"Haya nenda, nimekupa radhi. Mchana utakula kwake."

"Mchana wa siku gani?"

"Zote nne."

Kijana akaanza kupanga safari upya, maana pikipiki haiendi tena mbali na sufuria ya shemeji.