Kadani iliyorudi na rangi mpya

Leo nimeuziwa kadani yangu mwenyewe.

Nieleze taratibu. Kadani ni kile chuma kirefu chini ya gari kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa gari kuukuu kama langu si rahisi kupata ya kipimo chake. Ndiyo maana huku Masisi tunampa fundi ile ya zamani aipeleke Goma kama mfano, achague inayofanana nayo.

Fundi wangu ni baba wa ubatizo wa binti yangu. Nilimpa kadani na pesa ya mpya bila wasiwasi.

Asubuhi hii amerudi, akafunga kadani nyeusi inayong'aa.

"Papa Mwalimu, hii njo mupya kabisa!"

"Na ile ya mfano iko wapi?"

"Niliiacha ku duka."

Nikaingia chini ya gari na kitambaa chenye petroli. (Miaka mingi ya kusahihisha madaftari, mnisamehe.)

Rangi ikatoka. Chini yake nikaona alama ya kulehemu niliyofanyiwa kule Kalembe, na ufa uleule ulionifanya nitafute mpya.

Sikupaza sauti. Kesho nawashusha akina mama wa kijiji cha Kibabi na maharagwe yao hadi sokoni. Kadani ikikatika mteremkoni, inaweza kuchimba ardhi na kupindua gari.

Nikamuuliza tu kuhusu mkewe: "Kesho bibi yako iko anashuka na sisi. Nimuweke mbele ao nyuma?"

Alichukua spana, akalala chini ya gari, akaanza kuifungua.

Jumapili tunakaa benchi moja kanisani. Ninyi mngempa mkono?